Utoto, Rangi na Kilevi: Unywaji wa Vijana katika Mashamba ya Mkonge ya Tanga na Pwani ya Kaskazini, 1893–1967

Utangulizi

Mwaka 1998 Vincent Felitti na wenzake walichapisha nchini Marekani utafiti uliofanyika San Diego kuhusu watu wazima na madhila waliyoyapata wakiwa watoto. Waliotaja aina nne au zaidi za madhila hayo, kama vile kupigwa, kunajisiwa au kukulia katika nyumba yenye mlevi, walikuwa na hatari ya mara 4 hadi mara 12 zaidi ya kupatwa na ulevi, matumizi ya dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua, wakilinganishwa na wale ambao hawakutaja hata moja. Tafiti zilizofuata, nyingi zikiwa za Wamarekani Weusi, ziliongeza ubaguzi wa rangi katika hesabu hiyo. Hapa nchini, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walipata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza umri wa miaka 18, na kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walipata ukatili wa kingono.

Tafiti za namna hii humpima mtu mmoja mmoja. Humuuliza yaliyompata, kisha humuuliza anakunywa kiasi gani. Swali la mwanahistoria liko nyuma ya hayo: ni nani aliyeyapanga mazingira ambamo mtoto alidhilika, na ni nani aliyekiweka kilevi mahali ambapo kijana angekikuta? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kuiangalia Tanga na pwani ya kaskazini ya Tanzania tangu mkonge wa kwanza ulipopandwa hadi mashamba yalipotaifishwa. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu mambo matatu yalikutana hapo kwa ukali usioonekana sana kwingineko nchini: utoto uliokatizwa na kazi, sheria ya vileo iliyogawa watu kwa rangi, na kambi za vibarua ambamo pombe ilikuwa karibu burudani pekee iliyoachwa wazi.

Wapo waliotangulia katika uwanja huu. Justin Willis ameandika historia ya vileo Afrika Mashariki kwa upana. Walter Rodney, Kapepwa Tambila na Laurent Sago wameeleza jinsi vibarua wa mkonge walivyoandikishwa na hali walizoishi. Hanan Sabea ameyachunguza mashamba ya Tanga yenyewe. Hata hivyo, wa kwanza anashughulika zaidi na mamlaka ya wazee na dola juu ya kinywaji, na wengine na kazi na ardhi. Mtoto hupita katika kurasa zao kama kivuli. Hapa anawekwa katikati.

Tembo kabla ya mkonge

Pwani haikungoja mkoloni kuifundisha kunywa. Mnazi ulikuwepo, na penye mnazi yupo mgema. Tembo haliitaji moto wala chachu ya kuongezwa: hukingwa asubuhi na jioni, huanza kuchacha lenyewe ndani ya saa chache, na likilala huelekea kuwa siki. Kwa sababu hiyo lilinyweka karibu na lilipogemwa, miongoni mwa watu waliojuana. Uislamu uliliharamisha, na mwungwana aliyejali jina lake hakupenda kuonekana nalo, lakini wagema hawakukosa wateja, na methali za Kiswahili kuhusu mgema zinatosha kuonyesha jinsi alivyokuwa mtu wa kawaida katika jamii.

Ubaguzi nao haukuletwa wote kwa meli za Wazungu. Pangani ya karne ya 19 ilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, wengi wao wakiwa wameletwa kutoka bara wakiwa wadogo. Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu Pangani na miji jirani, ameonyesha jinsi daraja za watu zilivyogombaniwa mjini humo kwa karamu, ngoma na mavazi: aliyeletwa karibuni aliitwa mjinga, aliyezaliwa pwani aliitwa mzalia, na kila mmoja alijaribu kupanda ngazi moja juu. Mtoto mtumwa aliianza ngazi hiyo chini kabisa, bila jina la baba wala ukoo wa kumtetea. Baadhi ya watoto wa namna hiyo waliokombolewa na kulelewa Kiungani, Unguja, waliandika habari zao wenyewe, nazo zikachapishwa na A. C. Madan mwaka 1887. Ni miongoni mwa maandishi machache sana ya karne ile ambamo mtoto wa Afrika Mashariki anasema kwa kinywa chake kuhusu kutekwa, kuuzwa na kuuzwa tena.

Wajerumani hawakuuondoa utumwa kwa mkupuo. Waliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wahesabiwe huru, na wazazi wao wakabaki walivyo. Hatua ya mwisho ya kisheria ilichukuliwa na Waingereza mwaka 1922. Kwa miaka kumi na sita, kwa hiyo, ilikuwa halali kwa mtoto huru kulelewa na mama mtumwa. Jambo hili hutajwa kwa haraka katika vitabu, lakini yafaa kulikumbuka tunapofika kwenye mashamba ya mkonge, kwa kuwa vijana wa pwani wa miaka ya 1920 walitoka katika nyumba hizo.

Mkonge, kodi na kipande

Mwaka 1893 Richard Hindorf, aliyekuwa mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alileta miche ya mkonge iliyotoka Florida. Kati ya miche 1,000 ni 62 tu iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga, na mashamba yakaifuata reli kupitia Muheza, Korogwe na Mombo. Kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898 ilimlazimisha mkulima kutafuta fedha taslimu. Lakini Wadigo, Wabondei na Wasambaa, waliokuwa na mashamba yao na soko la vyakula karibu, hawakuwa tayari kuukata mkonge kwa ujira uliotolewa. Wenye mashamba wakatafuta watu mbali.

Hao wa mbali ndio walioitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba alipoandikishwa. Walikuwa Waha wa Kigoma, Wangoni wa Songea, Wabena wa Njombe, Wanyamwezi, Warundi, na Wamakonde waliovuka mto Ruvuma. Kazi yao iliandikwa katika kipande: siku 30 za kazi zilizopaswa kukamilishwa ndani ya siku 42. Kipande kisipojaa, ujira haukutoka. Mwaka 1944 chama cha wakulima wa mkonge kiliunda ofisi yake ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa kifupi kama SILABU, na kufikia miaka ya 1950 mashamba yalikuwa na wafanyakazi zaidi ya 100,000.

Kipande kina umuhimu wake katika historia ya kilevi. Mkulima wa nyumbani alikunywa kwa majira: mavuno yakiingia pombe hupikwa, mtama ukiisha pombe nayo huisha. Kibarua alipokea fedha yote kwa siku moja, baada ya wiki kadhaa za kukata majani yenye miiba, katika kambi isiyokuwa na wazee wake, wala ndoa yake, wala matambiko yake. Mbena aliyezoea ulanzi na Muha aliyezoea pombe ya ndizi walijikuta kwenye kibanda kimoja wakinywa kitu ambacho hakuna kati yao aliyekikulia. Hapakuwa na mjomba wa kumwambia kijana kwamba zamu yake ya kupokea kibuyu haijafika.

Watoto wa kambi

Taarifa za mwaka za Idara ya Kazi ya Tanganyika, idara iliyoundwa mwaka 1926 chini ya Granville Orde-Browne, ziliwahesabu vibarua kwa makundi, na watoto walikuwa na safu yao. Safu hiyo ni ushahidi mkubwa kuliko inavyoonekana, kwani inaonyesha kwamba serikali ilijua na kwamba iliona jambo la kawaida. Watoto walipalilia, walianika nyuzi, walikusanya mabaki ya nyuzi kwenye korona, yaani mtambo wa kusaga majani. Ujira wao ulikuwa sehemu ya ujira wa mtu mzima. Shule zilikuwa chache, nazo ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, na za Waafrika. Mji wa Tanga ulikuwa na shule ya serikali tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890, ya kwanza ya Wajerumani katika koloni lile, lakini lengo lake lilikuwa kutoa makarani na wakalimani. Mtoto wa manamba hakuwa katika hesabu hiyo.

Hata mtoto ambaye hakuandikwa katika daftari la shamba alifanya kazi. Upikaji wa pombe ulikuwa mojawapo ya njia chache za mwanamke wa kambini kujipatia fedha zake mwenyewe, na kazi hiyo inataka maji mengi, kuni nyingi, na siku kadhaa za kuloweka, kuanika, kusaga na kuchemsha. Ni vigumu kuwaza nyumba ya namna hiyo bila mtoto anayechota maji na kuchochea moto, na baadaye kupeleka kata kwa wateja. Aliwaona wakubwa wakigombana siku ya mshahara. Alijifunza bei kabla ya kujifunza kusoma. Kwa lugha ya watafiti wa leo, huyu ni mtoto aliyekabiliwa na madhila ya aina kadhaa kwa pamoja: kazi, ukosefu wa shule, ugomvi wa nyumbani, na kilevi karibu na mkeka wa kulalia. Hata hivyo, pombe hiyohiyo ndiyo iliyomlisha na kumnunulia nguo. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba kumlaumu mama mpikaji, kama walivyofanya baadhi ya wamisionari na maofisa, ni kuanzia hadithi mwishoni.

Sheria iliyomfanya mtu mzima kuwa mtoto

Sasa tuitazame sheria. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 uliurudia mzuio huo, na masharti ya udhamini ambayo Uingereza ilipewa juu ya Tanganyika mwaka 1922 yaliagiza biashara ya pombe kali isimamiwe kwa ukali. Maneno ya mikataba hiyo yalikuwa ya huruma: Mwafrika alindwe. Katika utekelezaji, hata hivyo, kinywaji kiligawanywa kwa rangi ya mnywaji. Mzungu aliruhusiwa wiski, konyaki na bia ya chupa. Mwafrika aliruhusiwa pombe ya kienyeji na tembo tu, tena kwa leseni, mahali palipoainishwa na saa zilizopangwa. Ada za leseni hizo ziliingia katika hazina za serikali.

Nani alikuwa Mwafrika mbele ya sheria hii? Sheria ya tafsiri ilisema ni mtu yeyote wa asili ya Kiafrika, na ikaongeza kwa makusudi kwamba Mswahili na Msomali wamo. Katika mji kama Tanga au Pangani, ambako familia moja ingeweza kuwa na babu Mwarabu, bibi Mdigo na mjomba Mshirazi, kifungu hicho kilikuwa na makali. Kiliamua nani angekaa Ngamiani na nani Raskazone, nani angelipwa kwa ngazi ipi, na nani angekamatwa akiwa na chupa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili hata mgao wa chakula uligawanywa kwa rangi. James Brennan ameonyesha jinsi jambo hilo lilivyofanyika Dar es Salaam na chuki lililoiacha.

Hoja iliyotumika kuitetea sheria ya vileo ndiyo inayotuhusu zaidi. Ilidaiwa kwamba Mwafrika hawezi kujizuia, kwamba akili yake bado changa, kwamba ni mtoto anayehitaji mlezi. Waajiri waliisema hoja hiyo kila siku kwa neno moja fupi, boi, wakimwitia mtu mwenye mvi na wajukuu. Yatazame mambo haya mawili kwa pamoja. Katika shamba lilelile, mtoto wa miaka kumi alihesabiwa kuwa mfanyakazi, na mtu mzima wa miaka arobaini alihesabiwa kuwa mtoto. Kijana aliyekuwa akivuka kutoka umri mmoja kwenda mwingine hakuwa na mahali pa kufikia. Jando ya kwao ilikuwa mbali, ndoa ilihitaji mahari ambayo kipande hakikuitosheleza upesi, na dola haikumtambua kuwa mtu mzima hata angefanya nini. Kilichobaki kumwonyesha kuwa amekua kilikuwa fedha mfukoni siku ya mshahara, na wenzake aliowanunulia kinywaji.

Athari ya sheria haikuishia kwenye kambi. Makarani, walimu na matarishi wa Tanga, vijana waliosoma, waliishi katika dharau ya kila siku yenye adabu. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909 na kufanya kazi serikalini tangu mwaka 1926, ameeleza katika maandishi ya maisha yake jinsi alivyokataliwa usafiri kwa sababu ya rangi, ingawa alikuwa mtumishi wa serikali hiyohiyo. Yeye alilijibu jambo hilo kwa kalamu. Kwa wengine wa tabaka lake bia ya chupa ikawa kipimo cha usawa, kwa sababu sheria yenyewe ilikuwa imeifanya hivyo. Vizuizi vilipolegezwa baada ya vita, bia kwanza na pombe kali katika miaka ya 1950, kuagiza chupa mezani mbele ya watu kulikuwa pia kauli ya kisiasa. Willis amelieleza jambo hili kwa Afrika Mashariki nzima. Tanga lilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa chupa ilimtenga karani na manamba aliyebaki na pombe ya kilabuni.

Hapo ubaguzi wa pwani ulijishikiza na ule wa mkoloni. Watu wa mjini walimdharau mtu wa bara aliyekuja kukata mkonge: hakujua Kiswahili cha kwao, hakuwa Mwislamu mara nyingi, alilala kambini, alilewa. Neno manamba likawa tusi. Mdogo aliyezaliwa kambini Muheza au Hale alilirithi pamoja na ngozi yake, hata kama hakuwahi kuiona Kigoma ya baba yake.

Waliokataa kulewa

Haifai kuandika kana kwamba madhila humwaga watu wote kwenye kata moja. Vijana wa Tanga walijenga pia vyama vya beni, Marini na Arinoti, vyenye vyeo, sare na mashindano, ambavyo Terence Ranger amevieleza mwaka 1975. Tarika za Kisufi zilimpa mzalia na mtu wa bara nafasi ya kukaa safu moja na mwungwana. Misheni ya Magila ilikuwa na shule na marafiki zake. Kulikuwa pia na mapambano ya kazi yenye nidhamu kubwa: vibarua wa bandari ya Tanga waligoma mwaka 1939, na mwaka 1958 wafanyakazi wa shamba la mkonge la Mazinde waligoma kwa zaidi ya miezi miwili. Mgomo wa muda huo bila mshahara hauendeshwi na walevi. Picha ya kibarua mlevi, iliyopendwa na wenye mashamba walipoelezea kwa nini watu hawakufika kazini, yapasa kusomwa kama hoja ya mwajiri. Kutokwenda kazini kulikuwa pia njia ya kupumzisha mwili uliochoka, na siku 12 za ziada katika kipande zinaonyesha kwamba mwajiri mwenyewe alilijua hilo.

Tofauti kati ya waliozama na wasiozama, kwa maoni ya mwandishi, ilitegemea zaidi kama kijana alikuwa na kundi lililomhesabu kuwa mtu kuliko ilivyotegemea ukali wa madhila. Chama cha ngoma, halaka ya tarika na chama cha wafanyakazi viligawa vyeo ambavyo serikali haikuweza kuvifuta. Ndiyo sababu watoto wa kambi moja wangeweza kukua kwa njia tofauti kabisa.

Baada ya bendera

Uhuru uliifuta rangi katika sheria ya vileo. Sheria ya mwaka 1968 ilizungumza kuhusu leseni na saa za kuuza bila kutaja asili ya mnywaji, ingawa iliendelea kuitenga pombe ya kienyeji katika fungu lake. Gongo, iliyopikwa kwa siri, ilibaki haramu kama ilivyokuwa, huku serikali ikijitengenezea njia ya kupata pombe kali iliyo halali kwa Sheria ya Moshi ya mwaka 1966. Uzalishaji wa mkonge ulikuwa umefika kilele cha tani zipatazo 230,000 mwaka 1964. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, bei ilikuwa imeanza kuporomoka kwa ushindani wa nyuzi za sintetiki, na mwishoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000.

Mashamba yalipofungwa, kambi hazikufungwa. Watu walibaki katika nyumba zilezile za mistari, bila kipande na bila ardhi yao wenyewe, na wapikaji wa pombe waliendelea kupika kwa kuwa kazi hiyo haikumtegemea mwenye shamba. Serikali ilipopiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, mjadala ulihusu bei, ukubwa wa kifuko na urahisi wa mwanafunzi kukificha mfukoni. Hayo yote ni kweli. Kwa mtafiti wa Tanga, hata hivyo, swali la kumuuliza kijana wa Mombo au Kwamndolwa haliishii kwenye alichokunywa na kilichompata yeye binafsi. Linafika hadi babu yake aliandikishwa wapi, alilipwa kwa ngazi ipi, na nani alichochea moto wakati bibi akipika. Safu ya watoto katika taarifa za Idara ya Kazi ni mahali pazuri pa kuanzia, na wazee waliohesabiwa ndani yake wanazidi kupungua.